Bamba Jeupe

Maundu alikataa gitaa lake mwenyewe.

Sajini Nzuki alikuwa amelilaza juu ya meza ya ofisi, kwenye gazeti, na kumwita mzee huyo aje alitambue kabla ya saa nne. Maundu alilitazama kutoka mlangoni. Hakuketi, wala hakulivulia kofia. Yeye ndiye mwenye bendi ya Kyanzasu Boys, na vyombo vyote vya bendi ni vyake, kuanzia spika hadi waya. Wapigaji huja na mikono yao tu. Akiondoka mtu, huondoka na mikono hiyo hiyo.

"Hiyo si yangu," alisema.

"Angalia vizuri, mzee."

"Nimeangalia. Yangu iko na bamba nyeusi. Hiyo imevalishwa kama bibi harusi."

Bamba ni kile kipande cha plastiki kinachofungwa kwa skrubu kifuani mwa gitaa, chini ya nyuzi, ili kucha zisikwaruze mbao. Hili la mezani lilikuwa jeupe, lenye mawimbi ya kung'aa. Ukiinamisha kichwa, mawimbi yanatembea. Gitaa lenyewe lilikuwa limefika jana likitoka Kangundo ndani ya gunia la mahindi. Mwanamke mmoja aitwaye Carol, muuza kanda za muziki, alikuwa amelipeleka kituo cha polisi cha huko baada ya kusikia kwamba Maundu ameibiwa. Alieleza kwamba hamali mmoja aliliacha dukani kwake, akasema ni la fundi wa Machakos na mwenyewe angelifuata. Hamali hakuonekana tena.

Fundi wa Machakos alikuwa ndani ya seli tangu Jumatatu. Aliitwa Laban, naye hurekebisha magitaa katika kibanda nyuma ya soko. Polisi walikuta bamba jeusi la Maundu humo, limefunikwa na vumbi la randa. Hakimu alikuwa safarini na angerudi kesho, Alhamisi. Mkuu wa kituo alitaka Laban awe wa kwanza kusimamishwa kortini. Gitaa limepatikana, bamba limepatikana, fundi hataki kusema neno. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Nzuki aligeuza gitaa. Nyuma, penye bamba dogo la chuma linaloshika shingo, namba ilikuwa imesuguliwa kwa tupa. Aliligeuza tena, akachukua bisibisi na kuanza kufungua skrubu za kifuani. Zilikuwa kumi na moja. Alizipanga juu ya gazeti moja moja.

"Hata ukifungua, si yangu," Maundu alisema. "Mimi najua sura ya kitu yangu."

Bamba jeupe lilitoka. Mbao ya gitaa ilikuwa ya rangi ya chungwa, iliyofifishwa na jua la mikutano na harusi za uwanjani. Lakini katikati palikuwa na umbo jekundu, lililoiva kama siku lilipotoka kiwandani. Jua halikuwa limewahi kufika hapo. Nzuki alifungua bahasha ya vidhibiti, akatoa bamba jeusi lililokutwa kwa Laban, akaliweka juu ya lile umbo jekundu. Lilikaa. Matundu kumi na moja yalitazamana na matundu kumi na moja.

Maundu alivua kofia, akaketi.

"Tangu sabini na nane," alisema polepole. "Nilikuwa na pesa ya ng'ombe wawili."

Nzuki hakumpa muda wa kuomboleza. Alimwonyesha jambo jingine. Bamba jeupe lilikuwa kubwa kuliko jeusi. Upande wa chini, karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, lilikuwa limeongezwa upana wa vidole viwili. Mtu alikuwa amefanya kazi ya ziada hapo, akapinda ukingo na kuulainisha vizuri. Nzuki aliuliza kwa nini.

"Urembo tu."

"Mwizi anataka kubadilisha sura, auze. Angetoa ile nyeusi aache kifua wazi. Angeweka kipande ya beseni. Huyu ameketi chini akaremba."

Maundu aliinua mabega. Alieleza kwamba urembo ni ugonjwa wa wapigaji wote. Yeye amekataa bamba jeupe kwa miaka ishirini, kwa sababu gitaa ni jembe, na jembe halipambwi. Mpiga dramu alitaka jeupe. Mwanawe Mike, aliyetoka chuoni mwaka huu na kuanza kupiga, alitaka la rangi ya kobe. Laban mwenyewe alimwambia mara nyingi kwamba jeusi linafanya gitaa lionekane kama sufuria. Lakini aliyemsumbua kuliko wote ni Nzomo, mpigaji wake wa kwanza. Nzomo alikuwa akikata picha za magitaa kwenye magazeti ya kigeni na kuzibandika ndani ya mlango wa stoo. Zote zilikuwa na bamba jeupe.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia akinunua yake, ataivalisha hata petikoti."

Nzuki aliandika neno moja katika daftari: *stoo*.

Stoo ya bendi ilikuwa chumba cha mawe nyuma ya nyumba ya Maundu, upande wa Mumbuni. Kufuli halikuvunjwa. Taarifa ya kwanza ya wizi ilisema hivyo, na kila mtu alikuwa amelielezea kwa njia moja, kwamba fundi hushindwa kufungua nini. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Maundu, ambaye alilazwa hospitalini kwa malaria kuanzia tarehe sita Agosti na kutoka tarehe ishirini, ndipo akakuta gitaa halipo. Wa pili alikuwa nao Nzomo.

"Nzomo ni mtoto wa hapa," Maundu alisema kabla hajaulizwa. "Amekula kwangu kabla Mike azaliwe."

Nzuki alikuwa tayari amechuchumaa katika kona. Palikuwa na dramu kubwa ya mguu, ya zamani, iliyopasuka ngozi. Ilikuwa imeviringishwa plastiki nyeupe yenye mawimbi ya kung'aa. Aliishika na kuivuta kutoka ukutani.

Upande uliotazama ukuta ulikuwa uchi. Plastiki ilikuwa imekatwa kwa wembe, mraba safi, na mbao ya dramu ilionekana na gundi yake kavu. Nzuki alitoa bamba jeupe katika bahasha akaliweka juu ya ule mraba. Mawimbi yalikuwa ya aina moja.

"Umeona, mzee? Aliyevalisha gitaa yako alinunua kitambaa kwako."

Maundu aliirudisha dramu ukutani kwa goti, kama mtu anayefunika mgonjwa.

Nzuki alimuuliza kama palikuwa na ugomvi kati yake na Nzomo. Hapana. Kama alimfokea karibuni. Hapana. Kama aliwahi kumwahidi chochote. Hapo Maundu aligeukia mlango. Mlangoni zile picha za magazeti zilikuwa bado zimebandikwa, zimekunjamana kwa joto la mabati.

Alisema kwamba zamani, walipokuwa vijana, alimwambia Nzomo kwamba akikaa naye miaka ishirini bila kumkimbia, gitaa lile litakuwa lake. Yalikuwa maneno ya furaha tu, walikuwa wametoka kurekodi.

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Sabini na tisa. Mwezi wa nane."

"Sasa ni tisini na tisa. Mwezi wa nane."

"Mike ni mtoto wangu, afande. Gitaa inaenda kwa mtoto."

"Ulimwambia Nzomo lini?"

Maundu alisema alimwambia hospitalini, Nzomo alipokuja kumwona na maziwa. Nzomo hakukasirika. Alimwekea mto vizuri akaenda.

Nzuki alirudi kituoni saa saba. Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi watu wawili bega kwa bega. Mmoja ni Wanza, mkewe Laban, mwenye leso mabegani na kikapu chake cha kyondo miguuni. Wa pili ni Nzomo, mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi, ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Tangu Jumatatu wawili hao walikuwa wakija pamoja kila mchana. Nzomo ndiye aliyekuwa akigharimia chakula, na mke wa Nzomo ndiye aliyekuwa akipika. Polisi wa zamu walikuwa wameanza kumsifu. Konstebo Peris alisema hajawahi kumwona shahidi anayemlisha mshtakiwa.

Ndiyo, Nzomo alikuwa shahidi. Maelezo yaliyowapeleka polisi katika kibanda cha Laban yalikuwa yake, ukurasa mmoja na nusu, yenye sahihi. Lakini yalikuwa ndani ya faili, na faili lilikuwa ndani ya droo. Wanza hakuwa ameyasoma.

Nzuki alimwita Nzomo ndani. Peris alipokea sufuria ili aipeleke seli.

"Pole na kazi, afande," Nzomo alisema. "Laban ni kama ndugu yangu. Lakini ukweli ni ukweli."

"Kaa. Nataka unisaidie kumalizia. Hii ndiyo gitaa?"

Nzuki alikuwa amelirudishia bamba jeupe na skrubu zake zote. Nzomo alilipokea kwa mikono miwili, akalipakata. Alisema ni vigumu kujua. Umbo ni lile, lakini hilo bamba hajaliona maishani.

"Unaionaje, hiyo bamba?"

"Haina maana. Mimi ni mtu wa nyeusi."

"Hupendi nyeupe?"

"Sijali sura, afande. Gitaa ni jembe."

Nzuki aliyasikia maneno ya Maundu yakitoka katika kinywa kingine. Alikuwa ameona wezi wakikataa kisu na kukataa mahali walipolala, lakini huyu alikuwa anakataa kitu anachokipenda, kitu ambacho hakuna aliyemshtaki nacho.

"Piga kidogo. Niambie kama sauti ni ile."

Nzomo alisita, kisha akapiga. Hakuhitaji kipigio cha plastiki kama Maundu na Mike, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, kwa mtindo wa zamani. Kidole chake cha mwisho kilishuka chenyewe kutafuta pa kuegemea. Kilitua kwenye zile inchi zilizoongezwa, katikati kabisa, kama mguu unaoingia katika kiatu chake. Alipiga mizunguko mitatu ya wimbo wa harusi. Polisi wawili walichungulia dirishani.

"Sauti ni ile," Nzomo alisema.

"Asante. Ngoja nje na mama."

Laban alikuwa ameketi sakafuni mwa seli, mgongo ukutani, sufuria kati ya miguu yake. Alikuwa bado hajafungua kitambaa. Mkono wake wa kulia haukuwa na vidole viwili vya mwisho. Vilikwenda na msumeno alipokuwa seremala. Nzuki aliagiza kiti, akaketi mbele yake na faili magotini.

"Fundi, hii bamba nyeupe ulikata wewe."

Laban aliuvuta mkono wake chini ya goti.

"Hukukatia mkono wako. Wewe huna kidole ya kuegemea pale. Ulikatia nani?"

"Afande, nilikuambia nitaongea kesho."

"Kwa nini kesho?"

Laban alitazama sufuria. Alisema mambo yanarekebishwa. Kuna mtu anazungumza na Maundu, wazee wawili hao wanaelewana, na ni vizuri fundi asiingilie akaharibu. Kesho mbele ya hakimu Maundu atasimama aseme hana kesi. Wanza ndiye aliyeletewa ujumbe huo, naye akauleta seli pamoja na chakula cha Jumatatu.

Nzuki alifungua faili. Alitoa ule ukurasa mmoja na nusu akaugeuza, ili Laban aweze kuusoma mwenyewe.

Fundi alisoma polepole, kwa kidole. Mimi Nzomo naeleza ya kwamba siku ya Jumamosi nilipita katika kibanda cha Laban nikaona bamba nyeusi ya gitaa yetu. Nilimuuliza akakosa la kusema. Ninamjua kuwa mtu ambaye ametamani gitaa hiyo miaka mingi. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena. Kidole kilisimama kwenye sahihi.

"Hii ni ya lini?"

"Jumapili, baada ya kanisa. Ndiyo ilitutuma kwako."

"Jumapili jioni alikuwa kwangu. Alikula kwangu."

"Alikuambia nini?"

Laban alisukuma karatasi mbali kidogo, si kwa nguvu. Kisha akasema yote, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Nzomo alimletea gitaa tarehe kumi na moja, mchana, kwa baiskeli, hakulificha. Alisema mzee ametimiza ahadi, gitaa sasa ni lake. Laban alifurahi kuliko mwenyewe. Alinunua soda. Nzomo alitaka bamba jeupe na akaja na plastiki yake, ile ya dramu. Ilikuwa nyembamba, basi Laban akaibandika juu ya plastiki nyeusi ngumu ili isipinde. Zile inchi za chini aliziongeza mwenyewe bila kuambiwa, kwa sababu alikuwa amekiona kidole cha rafiki yake kikianguka kwenye mbao kwa miaka ishirini.

"Na namba ya nyuma?"

"Mimi nilimwachia na namba. Hiyo tupa si yangu, na Kangundo sikutuma mtu."

Aliposikia Jumamosi kwamba Maundu analia ameibiwa, alimwendea Nzomo. Nzomo alicheka akasema mzee amebadilisha nia baada ya malaria, anataka kumpa Mike, na yeye atamtuliza. Akamwomba anyamaze siku tatu tu.

"Neno lako na lake," Nzuki alisema. "Lake liko na sahihi. Yeye atasema hajawahi kuona hiyo bamba. Ameniambia leo. Huna kitu ingine?"

Laban alinyoosha mkono. Nzuki alimpa bamba jeupe, lililofunguliwa tena. Fundi aliligeuza. Upande wa chini palikuwa na sehemu iliyokwanguliwa, ndogo kama sanduku la kiberiti. Nzuki alikuwa ameiona asubuhi, akadhani ni alama ya kazi.

"Hapa niliandika jina lake. Kila bamba nakata naandika jina ya mwenyewe chini. Wapigaji wote wanajua."

"Sasa limekwanguliwa."

"Hiyo ya chini ni ya mteja. Akiuza, akigombana, anaweza futa." Laban alisugua sehemu ile kwa kidole gumba. "Aliyenifundisha kazi alisema mteja ni mtu, anageuka. Kama ni ya kubandika, andika mara mbili. Nilikuwa naandika tu, afande, kwa sababu nilifundishwa hivyo. Sikuwahi kufikiri nitaitafuta."

Aliomba kisu. Peris alimtazama Nzuki, Nzuki akaitikia, na kisu cha kukatia bahasha kikaletwa. Laban aliingiza ncha katika ukingo, mahali pale pale alipoongeza inchi za kidole. Alivuta polepole, kwa uangalifu wa mtu ambaye hapendi kuharibu kazi yake nzuri. Plastiki ya dramu iliachia ikilia kama plasta inayobanduliwa. Chini yake, juu ya plastiki nyeusi, mwandiko ulikuwa umekwaruzwa kwa msumari, safi kama wa leo.

*NZOMO. HONGERA NDUGU. 14/8/99.*

Peris alisoma kwa sauti.

Laban alimrudishia Peris kisu, mpini ukitangulia. Alikunja magoti, na mguu wake ukagusa sufuria. Aliinama, akakikaza vizuri kitambaa ambacho hakuwa amekifungua, akaisogeza hadi kwenye kiatu cha Nzuki.

"Mpelekee," alisema. "Mwambie sijala."

Benchi la nje lilikuwa juani sasa. Nzomo alikuwa akimweleza Wanza jambo kwa sauti ya chini, naye alikuwa akiitikia kwa kichwa. Nzuki alisimama mbele yao, Peris nyuma yake na daftari. Aliweka sufuria mapajani mwa Nzomo, na juu ya kifuniko akaweka bamba, upande wenye maandishi ukiwa juu.

Nzomo alisoma. Aligeuza bamba akatazama ile sehemu iliyokwanguliwa, akaligeuza tena.

"Lakini mimi nilikwangua," alisema.

"Najua. Peris ameandika hilo."

"Miaka ishirini, afande. Uliza Maundu. Alisema na mdomo wake."

"Hiyo ni yako na Maundu. Laban alikukosea nini?"

Mikono ya Nzomo ilishika sufuria pande zote mbili, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimetua juu ya ukingo wa bamba.

Wanza alikuwa amenyoosha shingo kusoma. Alisoma jina, akasoma hongera, akasoma ndugu. Kisha akamtazama Nzuki, na Nzuki akaelekeza kichwa ndani, mahali mumewe alipokuwa. Wanza alichukua kyondo chake, akavuta pindo la leso lililokuwa limekaliwa na Nzomo, akalivuta mpaka likatoka lote, akaenda kuketi upande wa pili wa benchi kumngoja Laban.